Kushoto au kulia? Namna ya kupata dirisha la ndege lenye mandhari

Mtu akishanunua tiketi ya ndege, mara nyingi hufungua ramani ya viti, hutafuta kiti cha dirishani kilicho wazi karibu na mbele, hubonyeza, basi. Dirisha kalipata. Siku ya safari ndipo anapogundua kwamba mlima aliotamani kuuona uko upande wa pili wa ndege, au jua linampiga usoni tangu kupaa hadi kutua, au chini ya macho yake limetanda bawa na hakuna kingine.

Mambo yanayoamua utakachokiona ni matatu: ndege inapita wapi, jua liko wapi wakati huo, na wewe umekaa wapi ndani ya ndege. Ramani ya viti inajibu hilo la tatu peke yake, nalo ndilo lenye uzito mdogo kuliko mengine. Kiti kibaya upande sahihi bado kina cha kuonyesha. Kiti kizuri upande usio sahihi kitakuonyesha vizuri kabisa mahali ambapo hakuna kitu. Kwa hiyo anza nje ya ndege, ndipo uingie ndani.

Dira kabla ya ramani ya viti

Herufi A huwa kushoto, ukiwa umeelekea iliko pua ya ndege. Kutoka hapo herufi husogea kulia hadi ukuta wa pili. Kwenye ndege zenye njia moja ya katikati, kama Boeing 737 na Airbus A320, dirisha la kulia ni F. Kwenye ndege pana zenye njia mbili, mara nyingi ni K, na herufi I hurukwa kwa sababu inafanana na tarakimu 1. Mashirika mengine huruka herufi nyingine pia, kwa hiyo usikariri. Tazama tu herufi ya mwisho kwenye ramani ya ndege yako.

Sasa pande za dunia. Ndege ikielekea kaskazini, kushoto kwako ni magharibi na kulia ni mashariki. Ikielekea kusini, mambo yanageuka. Ikielekea mashariki, kushoto ni kaskazini. Ikielekea magharibi, kushoto ni kusini. Ni somo la shule ya msingi, lakini ukilitumia kwenye tiketi yako nusu ya kazi imekwisha.

Chukua safari ya kutoka Delhi kwenda Kathmandu. Ndege inaelekea mashariki, na milima ya Himalaya imejipanga kaskazini mwa njia yake. Kiti ni cha kushoto, hakuna mjadala. Aliyeketi A hewa ikiwa safi huiona Dhaulagiri yenye mita 8,167, kisha Annapurna yenye mita 8,091, kisha Manaslu yenye mita 8,163, zikifuatana moja baada ya nyingine, na vilele vimepanda juu sana kuliko mawingu ya bondeni kiasi kwamba mgeni huvidhania kuwa mawingu mengine hadi atakapoona kingo zake hazisogei. Aliyeketi kulia wakati huohuo anatazama tambarare. Wote wawili wana kiti cha dirishani. Everest iko mashariki zaidi ya Kathmandu, kwa hiyo anayeitaka hiyo hasa ni yule anayeendelea na safari kutoka Kathmandu kwenda Paro, Bhutan. Naye pia hukaa kushoto.

Ukishaelewa mantiki hiyo, mifano mingine inajitatua yenyewe. Tokyo kwenda Osaka ni kuelekea magharibi, na mlima Fuji uko kaskazini mwa njia, kwa hiyo kaa kulia. Seattle kwenda San Francisco ni kuelekea kusini, na volkano za Rainier, St. Helens na Hood ziko mashariki, kwa hiyo kaa kushoto. Nairobi kwenda Dar es Salaam, Kilimanjaro hubaki magharibi mwa njia ya kawaida, kwa hiyo kaa kulia. Buenos Aires kwenda Santiago, ndege inapovuka Andes, Aconcagua yenye mita 6,961 huwa kaskazini, yaani kulia tena. Na ukirudi, badilisha. Watu wengi waliokaa upande mzuri wakati wa kwenda huchagua herufi ileile wakati wa kurudi, kwa mazoea tu, wakaukosa mlima.

Kuna dhana kwamba ndege ikipita juu kabisa ya kitu ndipo utakiona vizuri zaidi. Ni kinyume chake. Dirisha linatazama pembeni, na mwili wa ndege ni wa mviringo. Kilicho chini yako moja kwa moja hukioni hata ukibandika paji la uso kwenye kioo. Ndege ikiwa juu mita 10,700, yaani futi 35,000 hivi, kitu kilicho kilomita 11 pembeni ya njia unakitazama kwa kuteremsha macho kama nyuzi 45. Kilicho kilomita 30 pembeni unakitazama kwa kuteremsha macho nyuzi 20 tu, na hapo ndipo mlima unapoonekana kuwa mlima: una kitako, mabega na kilele. Ukiutazama kutoka juu kabisa unakuwa doa la theluji kwenye ardhi. Kutoka kimo hicho upeo wa macho uko umbali wa kilomita 370 hivi, ingawa vumbi na unyevu hewani hufuta mengi kabla jicho halijafika huko. Mimi hutafuta kitu kilicho kati ya kilomita 15 na 80 kutoka kwenye njia. Chini ya hapo kinajificha chini ya ndege, na zaidi ya hapo kinahitaji hewa safi mno.

Njia yenyewe utaijuaje? Usiichore kwa rula kwenye ramani bapa. Dunia ni mviringo, na njia fupi kati ya miji miwili iliyo mbali huonekana kwenye ramani ya ukutani kama upinde uliovutwa kuelekea ncha ya dunia. Anayetoka London kwenda Los Angeles anaweza kutarajia saa nyingi za bahari ya Atlantiki na kisha mashamba ya Marekani. Ndege yake hupanda kaskazini-magharibi, na siku nyingi hukatiza Greenland, ambako mito ya barafu huteremka baharini katikati ya miamba myeusi. Ni miongoni mwa mandhari kubwa kuliko zote zinazoonekana kutoka ndege ya kawaida ya abiria, na abiria wengi huipita wakiwa wameshusha kifuniko cha dirisha, kwa kuwa hawakujua kwamba njia yao inafika huko.

Njia ya kuaminika ni kutazama ndege ilikopita kweli. Ingiza namba ya safari yako kwenye Flightradar24 au FlightAware, ambazo ni tovuti za kufuatilia ndege, nawe utaona mstari uliochorwa na safari hiyo katika siku chache zilizopita. Tazama siku kadhaa, usitazame moja. Baadhi ya njia hazibadiliki; nyingine, hasa juu ya Atlantiki ya Kaskazini, hupangwa upya kila siku kufuata upepo wa juu, na mandhari ya Jumatatu yanaweza yasiwe ya Jumanne. Mistari yote ikipita upande uleule wa mlima, chagua bila wasiwasi. Ikitawanyika huku na huku, jua tangu mwanzo kwamba unabahatisha, na acha jua na aina ya ndege viamue.

Dakika za kupaa na kutua

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaofikiria safari nzima kwa pamoja. Saa nyingi za angani hupita juu ya mawingu, bahari au ardhi ambayo kutoka kilomita 10 juu imekuwa rangi tupu. Dakika kumi na tano za mwanzo na ishirini za mwisho ndizo zenye mambo: paa za nyumba, mkondo mweupe unaoachwa na mashua, kivuli cha ndege kikikimbia juu ya mashamba, daraja, uwanja wa mpira wenye watu ndani. Kwa safari fupi ya saa moja au mbili isiyo na mlima njiani, amua upande kwa ajili ya kutua, usahau mengine.

Kinachoamua upande wakati wa kutua ni upepo. Ndege hupaa na kutua zikikabili upepo, kwa hiyo barabara ileile ya kurukia hutumika kutoka mwisho huu leo na kutoka mwisho ule kesho. Uwanja wa Heathrow, London, ni mfano unaofundisha. Barabara zake mbili zimelala mashariki–magharibi, na upepo wa huko mara nyingi hutoka magharibi. Upepo ukiwa hivyo, ndege huja kutua zikitokea mashariki, zikipita kusini kidogo ya katikati ya jiji. Aliyeketi kulia huuona mto Thames ukijipinda na madaraja yake yote, Tower Bridge likiwamo, kisha jengo la bunge. Aliyeketi kushoto huona vitongoji vya kusini. Upepo ukigeuka na kutoka mashariki, ndege huja kutokea upande wa pili kabisa, na katikati ya jiji hapo hapapitiwi.

Washington nako, ndege zinazotua kwenye uwanja wa Ronald Reagan zikitokea kaskazini hufuata mto Potomac, na mnara wa Washington Monument pamoja na makumbusho ya jirani yake huonekana kushoto, kwa ukaribu ambao ni nadra katika mji mkuu wowote. Kwa viwanja vya namna hii, tazama utabiri wa upepo jioni ya kabla ya safari, kisha linganisha na mistari ya siku zilizopita zilizokuwa na upepo kama huo. Mashirika mengi huruhusu kubadili kiti unapothibitisha safari mtandaoni, na huo ndio wakati wa kutumia ulichokigundua.

Tazama pia mikunjo. Ndege ikipinda kushoto, bawa la kushoto huinama na waliokaa upande huo huona ardhi moja kwa moja, huku wa kulia wakiona anga tupu. Uwanja ambao ndege huuzunguka kabla ya kutua huwa na upande mmoja unaopendelewa, na kwenye mistari ya Flightradar24 mkunjo huo unaonekana wazi.

Jua huharibu na jua hutengeneza

Watu wanaokumbuka dira bado husahau jua, na jua ndilo linaloamua kama ulichokifuata kitaonekana kweli. Ukitazama upande liliko jua, vumbi na mvuke vilivyo hewani huwaka mwanga na kuifunika ardhi. Mikwaruzo ya kioo cha dirisha, ambayo haionekani kivulini, huwaka pia, ikawa kama kuchungulia chumba chenye giza kupitia kioo kichafu kilichomulikwa taa. Upande wa pili wa ndege, dakika hiyohiyo, anga ni la buluu iliyokolea na kila bonde lina rangi yake. Tofauti ni kubwa mno. Ndiyo maana, kama hakuna kitu maalumu unachokifuata, upande wa kivuli ndio jibu.

Kuupata si kazi. Kwa safari za kaskazini au kusini, asubuhi jua liko mashariki na alasiri liko magharibi. Ukiruka kuelekea kaskazini asubuhi, kivuli kiko kushoto; alasiri kiko kulia. Kwa safari za mashariki au magharibi, inategemea uko sehemu gani ya dunia. Ulaya, Japani na sehemu kubwa ya Amerika ya Kaskazini, jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo upande wa kaskazini ndio wenye kivuli. Australia ya kusini, Chile na Argentina ni kinyume: jua hukaa kaskazini. Karibu na ikweta hubadilika kwa misimu. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la mchana huegemea kaskazini, na miezi iliyobaki huegemea kusini.

Turudi kwenye milima yetu, maana sasa ina sura nyingine. Himalaya na Fuji ziko kaskazini mwa njia, na jua liko kusini, nyuma ya mgongo wako. Kwa hiyo milima inamulikwa sawasawa. Hii ni bahati kamili. Volkano za njia ya Seattle ziko mashariki, kwa hiyo safari ya asubuhi itakuonyesha vivuli vyake vyeusi mbele ya mwanga mkali, na safari ya alasiri itakuonyesha theluji na mabonde yake. Kilimanjaro kwa anayekwenda kusini iko magharibi. Asubuhi humulikwa vizuri, tena asubuhi ndipo kilele huwa wazi zaidi, kabla joto la mchana halijainua mawingu kukizunguka. Aconcagua ina shida yake: iko kaskazini mwa njia, na katika nusu ya kusini ya dunia jua nalo liko kaskazini, hivyo hasa katika miezi ya baridi unaweza kuutazama mlima ukiwa upande wake wa gizani. Bado nisingekaa kushoto kwa sababu hiyo. Mlima mkubwa ukiwa kivulini unabaki kuwa mlima mkubwa.

Suala la mawingu lina nguvu kuliko yote hayo. Mahali pengi pa joto, asubuhi na mapema anga huwa safi, kisha ardhi ikipata moto mvuke hupanda na kuanzia saa sita mchana mawingu hujijenga, kwanza juu ya milima. Kwa hiyo ndege ya alfajiri, pamoja na kero yake ya kuamka usiku, huwa na mandhari bora kuliko ya alasiri. Msimu pia. Himalaya hufunikwa na mawingu ya mvua za masika ya Asia kati ya Juni na Septemba, na Oktoba na Novemba ndiyo miezi yenye hewa safi. Fuji huonekana zaidi katika miezi ya baridi.

Jua la chini, saa moja baada ya kuchomoza au saa moja kabla ya kuzama, lina kazi nyingine nzuri: huchora vivuli virefu. Jangwa ambalo saa sita mchana ni kahawia tupu hupata matuta, makorongo na mito mikavu ambayo hukujua kuwa ipo. Anayeruka juu ya Sahara au juu ya Australia ya kati achague saa hiyo kama ratiba inamruhusu.

Ipo pia sababu ya kukaa upande wa jua kwa makusudi. Machweo yenyewe, bila shaka. Dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa kwenye ikweta, lakini kadiri unavyokwenda kuelekea ncha ya dunia kasi hiyo hupungua, na kwenye latitudo ya nyuzi 60 ni kama kilomita 835 tu. Ndege ya abiria huruka karibu kilomita 900 kwa saa. Kwa hiyo ndege inayokwenda magharibi karibu na Iceland au Greenland inaweza kulikimbiza jua linalozama na kulishikilia pale kwenye upeo kwa muda mrefu mno. Katika miezi ya baridi jua huwa mbele kushoto, kusini-magharibi, na anga la machungwa halimaliziki.

Na upande wa kivuli, jioni hiyohiyo, lipo jambo ambalo wachache huligundua. Muda mfupi baada ya jua kuzama, tazama upande usio na jua: utepe wa buluu iliyofifia huinuka kutoka kwenye upeo, na juu yake utepe wa waridi. Ule wa buluu ni kivuli cha dunia chenyewe, kimetupwa angani.

Jambo moja zaidi la upande wa kivuli, nalo kwangu ndilo zawadi ya siku ya mawingu. Ndege ikipita juu ya mawingu mapana, tafuta mahali ambapo kivuli chake kingeangukia, upande ulio mkabala kabisa na jua. Hapo huonekana pete ya rangi, nyekundu ukingoni na buluu ndani, wakati mwingine pete mbili au tatu moja ndani ya nyingine. Husababishwa na matone madogo sana ya wingu yanayourudisha mwanga kuelekea ulikotoka. Ndege ikiwa karibu na wingu, kivuli chake huonekana katikati ya pete, na hapo angalia kwa makini: kitovu cha pete hakiko katikati ya ndege, kiko pale hasa ulipokaa. Aliye nyuma ya mabawa huona kitovu nyuma ya mabawa ya kivuli, aliye mbele hukiona karibu na pua. Kila abiria ana pete yake.

Bawa, injini na dirisha ambalo halipo

Sasa ingia ndani ya ndege. Kwenye ndege nyingi za jeti bawa liko chini ya madirisha, nalo hufunika ardhi kwa waliokaa sehemu ya katikati. Ramani nyingi za viti huonyesha bawa lilipo. Safu bora ni zile za mbele ya bawa, tena safu kadhaa mbele, maana injini hutangulia bawa. Hapo unatazama mbele na chini bila kizuizi. Kwa bahati mbaya, kwenye ndege pana sehemu hiyo mara nyingi ni ya daraja la juu.

Chaguo la pili ni nyuma kabisa. Mabawa yamelala kuelekea nyuma, kwa hiyo usiridhike na safu ya kwanza baada ya bawa. Rudi nyuma nne au tano zaidi. Kasoro ya huku ni hewa ya moto inayotoka kwenye injini, ambayo huifanya ardhi itetemeke machoni na picha zikose ukali. Kwa macho tu si tatizo kubwa. Wengine hulipenda bawa kwenye picha, na kweli linaipa picha kimo na mwelekeo, wakae nyuma. Ila juu ya bawa penyewe, hasa kwenye milango ya dharura, mguu utanyooka vizuri na macho hayatapata kitu.

Ndege za panga boi ni habari njema. ATR 72 na Dash 8 zina bawa juu ya madirisha, kwa hiyo karibu kila kiti cha dirishani kinaona chini, na ndege zenyewe huruka chini kuliko jeti. Epuka tu safu zilizo sambamba na mapanga, kwa kelele na mtetemo. Kwenye Dash 8-400 magurudumu hukunjiwa ndani ya kasha la injini, chini ya bawa, na aliyeketi hapo huyaona yakishuka na kugusa lami. Kwa baadhi ya watu hiyo pekee inatosha. Ya ATR hukunjiwa kwenye mwili wa ndege, kwa hiyo hayakuzibii kitu.

Kuna jambo linalowaudhi wengi: kiti kinachouzwa kuwa cha dirishani kikakutana na ukuta. Sababu yake ni ya kiufundi. Madirisha hufuata mbavu za mwili wa ndege, ambazo kwenye Boeing 737 zimeachana sentimita 51 hivi na kwenye A320 sentimita 53 hivi. Viti hupangwa na shirika la ndege, kwa nafasi ya sentimita 71 hadi 81 au zaidi. Vipimo hivyo viwili havilingani, kwa hiyo safu moja hupata madirisha mawili na inayofuata hupata nusu mbele na nusu nyuma. Na kwenye Boeing 737 nyingi, upande wa kushoto mbele kidogo ya bawa, kuna safu isiyo na dirisha kabisa, kwa kuwa mabomba ya hewa ya kabati yanapanda kutoka tumboni mwa ndege kwenda darini kupitia ukuta huo. Namba ya safu hutofautiana kwa kila shirika. Tovuti ya aeroLOPA huchora viti pamoja na madirisha yake mahali yalipo kweli, nayo ndiyo ninayoitazama kabla ya kubonyeza. Tafuta kiti ambacho dirisha liko sambamba na magoti au kifua chako. Lililo nyuma ya bega litakuchosha shingo.

Kati ya jeti za sasa, Airbus A220 ina madirisha makubwa na viti viwili tu upande wa kushoto. Boeing 787 ina madirisha makubwa kuliko ya ndege nyingine za abiria za kiwango chake, yenye urefu wa sentimita 47 hivi, na hata aliyeketi kiti cha katikati huona kitu. Lakini haina kifuniko cha kushusha. Kuna kitufe cha kukitia kioo giza, na wahudumu wanaweza kuyatia giza madirisha yote kwa pamoja ili watu walale. Kwenye safari ya mchana juu ya Greenland, hilo ni pigo. Waombe kwa upole; mara nyingi hukubali kukuachia mwanga kidogo.

Kumbuka pia kwamba shirika linaweza kubadilisha ndege siku ya mwisho, na kiti chako cha mbele ya bawa kikageuka cha juu ya bawa. Tazama tena ramani ya viti jioni ya kabla ya safari.

Kioo chenyewe

Dirisha lina tabaka tatu. La nje ndilo linalobeba tofauti ya mgandamizo wa hewa, la kati ni akiba na lina kitundu kidogo chini, na la ndani hulinda yale mawili yasikwaruzwe. Kitundu kile husawazisha hewa na kupunguza unyevu kati ya matabaka. Ukiona chembe za barafu zimejichora kukizunguka, si hitilafu. Futa kioo kwa kitambaa laini kabla ya kupaa. Unapopiga picha, sogeza simu karibu na kioo bila kuigandamiza, maana mtetemo wa ndege huingia kwenye picha, na vaa nguo nyeusi ili usijione mwenyewe kwenye kioo. Miwani au kichujio cha kupunguza mng'ao huleta madoa ya rangi za upinde wa mvua, kwa sababu ya plastiki iliyotengenezewa dirisha; vivue.

Ili ujue unachokitazama, pakua ramani ya eneo kwenye simu ukiwa bado chini. Kipokezi cha GPS hufanya kazi hata simu ikiwa katika hali ya ndegeni, kwa kuwa kinapokea mawimbi ya satelaiti bila kutuma chochote. Isogeze tu dirishani na subiri kidogo. Bonde lenye jina ni tofauti kabisa na bonde tu.

Usiku

Usiku kanuni ya jua haina kazi, na kanuni ya bawa hubaki. Miji huonekana vizuri kuliko mchana, kwa sababu taa hupenya utusitusi ambao mchana ungefuta kila kitu. Bonde la mto Nile usiku ni utepe mmoja wa taa uliozungukwa na giza pande zote mbili, na hauhitaji maelezo ya rubani. Mwezi mpevu hurudisha milima ya theluji na mawingu. Kama unaweza kuchagua tarehe, tazama kalenda ya mwezi.

Kikubwa zaidi cha usiku ni mwanga wa kaskazini, zile pazia za kijani zinazotokea chembe kutoka kwenye jua zinapogonga hewa ya juu karibu na ncha za dunia. Ndege za usiku kutoka Amerika ya Kaskazini kwenda Ulaya hupita kusini kidogo ya eneo lake, juu ya mawingu yote, mahali ambapo mtu aliye ardhini angeomba miaka mingi apate anga safi kiasi hicho. Kwa kuwa unaelekea mashariki na mwanga uko kaskazini, kaa kushoto. Ukirudi magharibi usiku, kaa kulia. Majira ya kiangazi huko usiku ni mfupi na anga haliingii giza kamili, kwa hiyo chagua kati ya Septemba na Machi. Jifunike kichwa pamoja na dirisha kwa blanketi au koti ili taa za ndani zisirudi kwenye kioo, subiri dakika kumi macho yazoee giza, na usitafute kijani kikali. Kwa macho mara nyingi huanza kuwa wingu jembamba la kijivu lililolala juu ya upeo. Kama linabadilika umbo kila unapolitazama, ndilo lenyewe. Simu ikiachwa kupokea mwanga kwa sekunde tatu hivi itakuonyesha rangi ambayo jicho bado halijaipata.